Nilivyoimudu kozi ya Shakespeare nikiishi Gongo la Mboto

Ukisoma Kiingereza chuo kikuu, kila wiki kuna riwaya au tamthilia, na kwenye semina huwezi kujificha nyuma ya desa, yaani notisi zilizoandaliwa na mwingine. Desa litakupa kisa. La kusema pale mwalimu anapokugeukia, "Na wewe umeionaje?", utalitafuta mwenyewe.

Mimi ni zao la shule ya msingi ya serikali: miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Cha Shakespeare kiko mbali hata na hicho. Hosteli sikupata, nikakaa kwa mama mdogo Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam. Anayeijua njia ya kutoka kule hadi Ubungo ananielewa: umesimama, mkono mmoja kwenye bomba, foleni ya Buguruni haisogei, na kitabu hakifunguki.

Kilichonitoa ni simu. Usiku nasoma onyesho zima kwa sauti huku najirekodi, asubuhi nasikiliza ndani ya daladala. Mama mdogo ni fundi cherehani na hushonea sebuleni hadi usiku, kwa hiyo rekodi zangu za Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare tuliyokuwa tunaisoma, zote zina mlio wa cherehani. Sauti ilinisaidia kuliko kamusi. Sentensi iliyonishinda kwenye karatasi, nikiitamka nikasikia pumzi inakatika wapi, nusu ya maana inakuja yenyewe.

Pembeni niliweka tafsiri yake ya Kiswahili ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 akiwa Rais. Nasoma mistari michache huku, michache kule. Wapo wenzangu walioniambia huo ni uvivu, na haohao walikuwa wanasoma muhtasari wa mtandaoni!

Usiku mmoja nikamsomea mama mdogo hotuba ya Antony msibani. Caesar, mtawala wa Roma, ameuawa; Brutus, mmoja wa waliomuua, ameshaeleza sababu zake kwa utulivu na watu wamemshangilia. Sasa anapanda Antony, rafiki wa Caesar, anasema amekuja kumzika Caesar, siyo kumsifu, na kila akitoa hoja anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Mama mdogo akatoa mguu kwenye pedali.

"Hebu rudia hapo, mwanangu. Anamsifu au anamsimanga?"

Nikarudia.

"Anamsimanga huyo. Mipasho mitupu. Tusi hajatoa, lakini kila aliyekuwepo ameshajua kijembe kimemchoma nani."

Insha yangu ya kozi weki niliijenga hapo hapo. Niliacha tamthilia nzima, nikashika hotuba hiyo moja na kuifuata ile sifa kila inaporudi. Mwanzoni umati unaipokea kama sifa. Antony akishautaja wosia wa Caesar, raia wenyewe wanapiga kelele kwamba Brutus na wenzake ni wasaliti. Baadaye wosia unasomwa, kila raia ameachiwa drakma 75, na hapo hakuna wa kuwazuia. Onyesho linalofuata wanamshukia mshairi Cinna, ambaye kosa lake ni kufanana jina na mmoja wa waliomuua Caesar. Hoja yote niliisimulia kwanza kwa Kiswahili kwenye simu, kisha nikaiandika kwa Kiingereza cha sentensi fupi, kila dai na mstari wake wa kulithibitisha. Mwalimu akanitaka niisome mbele ya semina.

Njia hii ina mipaka. Tamthilia iliandikwa isemwe. Riwaya ndefu za karne ya 19 mama mdogo alizikataa kabisa. Ukungu wa London ukitanda kurasa tatu, yeye ameshafungulia redio. Kwa hizo ilibidi nitafute wenzangu wawili. Tuligawana sura, na Ijumaa mchana kila mtu anasimulia zake kwa Kiswahili, akiwa na ukurasa mmoja alioutoa kopi, wa kusomwa neno kwa neno na kubishaniwa. Aliyekuja na kisa bila ukurasa alitununulia chai na chapati.