Vitabu vya kofia vinavyosomwa barazani kwangu, Mikindani

Mtu akiniuliza aanze na kitabu gani kumsomea mtoto, namwambia atafute kinachohusu kofia. Mtoto wa hapa Mikindani kofia anaijua tangu hajatembea. Ameiona kwa babu yake kila Ijumaa, ameiona kwa bwana harusi, na amekemewa kwa kuichezea ya baba iliyotoka kupigwa wanga. Ukimwonyesha mnyama aliyepotelewa na kofia, huna haja ya kumweleza kwa nini mnyama huyo amekosa raha.

Ndivyo alivyo dubu wa Jon Klassen, katika kitabu cha mwaka 2011 kiitwacho I Want My Hat Back. Nilikipata Dar kwa wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara, jalada limechakaa lakini kurasa zote zimo. Dubu anaitafuta kofia yake nyekundu. Anawaendea wanyama mmoja mmoja, anauliza kwa adabu, anashukuru, anapita. Sungura anaulizwa huku kofia anayo kichwani, na anajibu kwa maneno mengi kuliko wote: hajaiona, yeye si wa kuiba kofia, asiulizwe tena. Nasimulia kwa Kiswahili huku picha nimewageuzia watoto, na hapo baraza zima hupiga kelele: “Mwalimu, anayo! Anayo huyo!” Dubu hasikii.

Mwishoni dubu amepata kofia yake, sungura haonekani, na dubu akiulizwa habari za sungura anajibu kwa jazba ileile aliyojibu nayo sungura. Kitabu hakisemi kilichotokea. Napenda sana mwandishi anayemwachia mtoto kazi hiyo. Barazani kwangu kesi iliendelea mpaka adhana ya magharibi. Wengi walimtetea dubu. Binti mmoja, mtoto wa mvuvi, alishikilia kwamba sungura alitakiwa apelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Mwaka uliofuata Klassen alitoa This Is Not My Hat, kilichopata mwaka 2013 Nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto. Samaki mdogo ameiba kofia ya samaki mkubwa aliyelala. Yeye ndiye msimulizi, na kila analosema picha inalikanusha: anasema mkubwa hataamka, na jicho la mkubwa limeshafunguka. Anasema kaa aliyemwona hatamsema, na kaa ananyoosha gando kuonyesha njia. Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa majani ya baharini yanavyoficha samaki. Walichogombania ni kaa: ni msaliti, au amesema kweli tu?

Hadithi ya mwuza kofia na nyani sikuhitaji hata kuifungua. Esphyr Slobodkina aliichapisha Marekani mwaka 1940 kwa jina la Caps for Sale, na Baba Wagué Diakité wa Mali akaisimulia upya kwa namna ya kwao mwaka 1999, picha akizichora kwenye vigae. Mwuzaji analala chini ya mti, nyani wanachukua kofia zote na kupanda nazo juu, na kila anachofanya wanamwigiza. Kwa mtoto ambaye familia yake hulinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere, hayo ni mambo ya nyumbani. Mimi naipenda zaidi ya Diakité, kwa sababu mwuzaji wake ana njaa, na akili inamjia baada ya kula maembe aliyorushiwa na nyani.

Kilichonifanya nifikiri zaidi ni kitabu cha Dr. Seuss cha mwaka 1938, The 500 Hats of Bartholomew Cubbins. Kijana anaamriwa avue kofia mbele ya mfalme. Anavua, nyingine inatokea kichwani, anavua tena, mpaka zinafika 500. Mtoto mmoja akaniuliza: “Sasa mwalimu, kwa nini mfalme anataka avue? Si amevaa kwa heshima?” Swali zuri mno. Kwetu mwanaume akienda kuposa anavaa kofia. Akienda msikitini anavaa. Mzee akiitwa kusuluhisha ugomvi anarudi ndani kwanza kuitafuta kofia yake. Kumbe kuna watu ambao kwao adabu yote hiyo iko katika kuvua.

Ili waelewe niliwaletea kisa kinachotugusa sisi. David Livingstone alianzia hapa Mikindani mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara, na nyumba yenye kibao cha kumbukumbu yake watoto hawa wanaipita wakienda shule. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alivua kofia ndipo akamsalimu. Livingstone akainua kidogo ya kwake, ya rangi ya buluu iliyochujuka, yenye utepe wa dhahabu uliofifia. Stanley ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Tukaigiza pale pale barazani. Kijana aliyekuwa Stanley alikataa katakata kuvua kofia yake. Alitoa salamu, akabusu mkono wa Livingstone, na sote tukaona inatosha.

Kwa watu wazima ninacho kimoja ambacho sichoki nacho, Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry cha mwaka 1943, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Kila mtu anaikumbuka picha ya mwanzoni, chatu aliyemeza tembo, ambayo wakubwa wote wanaiona kofia. Niliwaonyesha jirani zangu wawili, wakasema kofia. Watoto walisema mtumbwi uliopinduka. Lakini sehemu inayoniuma ni ile ya mtaalamu wa nyota wa Kituruki. Mwaka 1909 anatangaza sayari ndogo aliyoigundua, na hakuna anayemwamini kwa sababu ya mavazi yake. Kwenye mchoro amevaa tarbushi, ile kofia ngumu yenye kishada. Mwaka 1920 anarudi na suti ya Kizungu, anasema maneno yaleyale, na wote wanakubali. Hadithi ni ya kubuni, ila Uturuki kweli ilipiga marufuku tarbushi kwa sheria mwaka 1925. Ukurasa huo huwasomea watu wazima polepole.

Kitabu ninachokikosa kwenye rafu yangu ni cha kofia ya viua. Sijakipata cha mtoto, wala cha mkubwa, kinachoeleza jinsi mtu anavyokaa na kitambaa cheupe, akachora maua kwa penseli, akatoboa vitundu vidogo kimoja kimoja, na kila kitundu akakizungushia uzi mpaka mdomo wake ukae imara. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani. Kofia moja ya kazi nzuri hukaa mkononi miezi. Bibi yangu alinifundisha nikiwa mdogo, na alikuwa akifumua kazi yangu yote kwa kitundu kimoja kilichopinda. Nilimchukia kwa hilo wakati ule. Sasa wajukuu zangu nawafumulia vivyo hivyo.

Kwa hiyo nimeanza kukiandika mwenyewe, kwenye daftari: binti anamshonea babu yake kofia, na Idi inakaribia. Nataka kila hatua iwe sahihi, na hapo nawahitaji nyinyi mnaoshona, hasa wa Lindi na Kilwa. Bibi yangu alianza na ukanda wa kuzunguka, akamalizia na duara la juu. Kwenu mnaanza na kipi? Na kofia mkishaifua na kuitia wanga, mnaikaushia juu ya nini? Sisi hutumia bakuli. Niandikieni, na mkiweza nitumieni picha ya mikono ikiwa kazini.