Farasi Aliyebaki Siku Tisa

Mwaka 2014 nilikuwa msimamizi wa mabanda ya farasi katika shamba moja wilayani Mufindi, si mbali na Mafinga, upande ambao misindano ya Sao Hill inapakana na mashamba ya mahindi. Kazi yetu ilikuwa kutunza farasi wa watu. Mwenye farasi alilipa kwa mwezi, nasi tulitoa banda, nyasi, maji, saisi wa kumsugua na kumtembeza, na mtu wa kumwangalia usiku. Yeye mwenyewe alikuja kumpanda alipopata nafasi. Watu wa pwani hushangaa kusikia kwamba Mufindi kuna farasi, lakini sababu yake si fumbo. Kule juu kwenye baridi hakuna mbung'o, na mbung'o ndiye anayeleta nagana, ugonjwa ambao farasi hauwezi kabisa.

Mteja ninayemkumbuka hapa alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye farasi mmoja wa rangi ya asali. Saisi wetu mkuu alikuwa Mhehe aliyekwisha kuvuka miaka sitini, na sote tulimwita Mzee, hata mama mwenye shamba ambaye naye alikuwa na wajukuu. Mteja huyu, katika mwaka mzima wa kuja na kuondoka, hakuwahi kumwamkia Mzee shikamoo. Alimwita "wewe wa farasi". Alikuwa na tabia ya kupiga simu saa tano usiku akitaka simu ipelekwe bandani amsikie farasi wake akitafuna. Siku moja alikuta unyasi mmoja ukielea kwenye ndoo ya maji, akaimwaga ndoo yote juu ya sakafu ambayo kijana wetu wa bandani alikuwa ametoka kuifagia, akamwita mbumbumbu. Msimu wa mvua tuligombana kuhusu visubi, wale wadudu wadogo wanaouma: sisi tuliwaingiza farasi ndani kabla jua halijazama, kwa kuwa visubi vya magharibi na alfajiri ndivyo vinavyoeneza tauni ya farasi, na wengi wanaoipata hawaponi, yeye akasema tunamfunga mnyama wake kama mahabusu kwa uvivu wetu.

Nilikuwa na sababu ya kumvumilia, na sababu hiyo ilikuwa fedha. Farasi watatu wengine kati ya kumi na mmoja tuliokuwa nao walikuwa wa rafiki zake, waliokuja kwetu kwa neno lake. Kwa hiyo kila alipotukana nilimfuata Mzee nyuma ya ghala la nyasi nikambembeleza. Mara moja nilifika hadi kumwambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Alikuwa anakwangua kwato kwa kisu, hakuinua uso. "Ni kweli, mwanangu," alisema. "Ila mbivu zenyewe naona zinaliwa ofisini."

Mwezi Aprili mteja alimchukua farasi wake akampeleka pwani, ili awe anampanda ufukweni na wageni wake. Alimrudisha Ijumaa moja ya mwezi Julai, ndani ya Fuso iliyozungushiwa turubai. Safari ile ni ya zaidi ya kilomita 550, na dereva alituambia kwamba walikwama saa nne nzima kwenye mlima Kitonga kwa sababu lori lilikuwa limeanguka kwenye kona. Kabla ya hapo walikuwa wamepita Ruaha Mbuyuni mchana wa jua kali. Maji alikuwa amepewa mara moja tu, Morogoro.

Mzee alimteremsha taratibu akamsimamisha kwenye mwanga wa taa. Aliibana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ya farasi mwenye maji ya kutosha mwilini hurudi mahali pake papo hapo. Hii ilibaki imesimama kama mkunjo wa shuka, kisha ikalala polepole. Akamfunua mdomo, akagusa fizi kwa kidole gumba, akanionyesha kidole hicho kikiwa kikavu. Niliandika maagizo ubaoni kwa chaki: maji kidogo kidogo, nyasi iliyolowekwa, nafaka hapana hadi Jumatatu, asipandwe kwa siku nne. Nilimpigia mteja nikamweleza. Alinijibu kwamba yeye analipia banda, halipii ushauri.

Kesho yake saa nne asubuhi alifika na magari mawili ya wageni, wakiwamo watoto, akaagiza farasi atandikwe. Mzee akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba farasi amechoka na haendi popote. Sitaandika yote aliyojibiwa. Alitajiwa umaskini wake, na elimu yake, na mama yake, mbele ya watoto waliokuwa wameshika karoti mikononi wakisubiri kumlisha mnyama. Mzee alisimama mlangoni pa banda mkono ukiwa juu ya komeo, wala hakusogea.

Nilitoka ofisini mbio, na nilichofanya hapo ndicho ninachokijutia zaidi katika habari hii yote. Nilimwomba radhi mteja. Nilisema Mzee hakumaanisha vibaya, nikawatandikia wageni farasi wawili wa shamba bila malipo, nikatembea nao mwenyewe hadi ukingoni mwa msitu na kurudi. Mteja alitulia, akapiga picha. Nilijihesabu kuwa nimelimaliza jambo kwa hekima, kwani farasi mgonjwa hakupandwa na mteja hakuondoka na hasira.

Kumbe kijana wetu, ambaye hakuwa na miaka hata ishirini, alikuwa ameyaona yote na kujifunza lililo wazi: kwamba pale bandani, Mzee akisema hapana na mteja akisema ndiyo, msimamizi huenda upande wa mteja. Jioni, kabla ya kuondoka kwenda kulala Mafinga, mteja alimkuta kijana peke yake akamwamuru ampe farasi ndoo nzima ya mahindi ya kuparaza na pumba, ili arudishe mwili. Kijana aliutazama ubao, kisha akampa.

Saa tatu usiku Mzee alinigongea. Nilimkuta farasi analala, anainuka, anachimba sakafu kwa kwato ya mbele, anageuza shingo kuutazama ubavu wake mwenyewe kama mtu aliyeitwa kutoka upande huo. Ulikuwa msokoto wa tumbo. Niliweka vidole chini ya taya nikahesabu mapigo: 64 kwa dakika, wakati farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Kisha niliweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi kamwe. Ndani yake huwa mna ngurumo na mchururiko wa maji usiku na mchana. Nilisikiliza upande wa kushoto, nikazunguka nikasikiliza wa kulia, na pande zote mbili kulikuwa kimya.

Farasi hawezi kutapika. Alichokila ni lazima kipite njia yote, na kisipopita, gesi inajaa na utumbo unaweza kujisokota, na hapo hakuna mtu wa Mufindi, wala wa Iringa, awezaye kumpasua na kumwokoa. Nilimpigia daktari wa mifugo aliyekuwa Iringa mjini, kilomita 80 kutoka kwetu. Tulikiondoa chakula chote, tukamvisha farasi blanketi mbili, tukaanza kumtembeza kwa zamu kuzunguka uwanja, na alipotaka kujitupa chini tulimsihi asimame. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka hadi nyasi zikawa nyeupe na kulia chini ya viatu. Mzee alizungumza naye kwa Kihehe muda wote, maneno ya chinichini ambayo mimi, mtoto wa Mbeya, sikuyafahamu.

Kijana ndiye aliyeniambia habari ya ndoo. Alikuja mwenyewe, machozi yakimtoka, akasema, "Dada, nilidhani ndivyo unavyotaka." Sikuwa na la kumjibu. Nilimkabidhi kamba, nikamwambia ni zamu yake.

Daktari alifika saa saba usiku. Alimchoma sindano ya maumivu, akampitisha mpira puani hadi tumboni, akammiminia mafuta maalumu na maji ya uvuguvugu kwa ndoo, nami nikishika taa ambayo haikuacha kutetemeka. Kisha tukarudi kutembea. Yapata saa kumi na moja na nusu, farasi aliinua mkia akaangusha mavi, machache, makavu, yamefunikwa na utando. Mzee aliinama akayaokota kwa mkono mtupu, akayapasua, akayanusa, akanigeukia akicheka kama mtu aliyepewa mjukuu. Waliowahi kutunza farasi hawatashangaa.

Mteja alifika saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimemtumia ujumbe usiku, hakuujibu. Mzee alikuwa bado anamtembeza farasi, amevaa lile koti lake la sufi lililotoboka viwiko. Mteja hakuuliza hali ya mnyama. Alisema tumemlisha sumu, akasema gharama ya daktari ni juu yetu, na kijana alipojitokeza kusema kwamba ndoo ile aliiagiza yeye, akamwita mwongo. Kisha akamtaka Mzee aiachie kamba. Mzee akasema, "Ngoja apumue kidogo, baba." Mteja alikuwa na mjeledi mfupi wa kupandia, aliuinua akampiga nao Mzee kwenye mkono ulioshika kamba. Farasi aliruka kando kwa woga. Mzee hakuiachia kamba.

Kila mara nilipokutana na mtu yule nilimwamkia. Asubuhi ile sikumwamkia. Nilisimama kati yake na Mzee nikamwambia aushushe ule mjeledi, kwamba farasi wake hatunzwi tena hapa, na kwamba yeye mwenyewe aondoke sasa hivi. Akacheka. "Binti, unamjua unayezungumza naye?" Nikasema namjua kwa mwaka mzima sasa. Niliipiga simu ya mama mwenye shamba, nikaifungua sauti ili wote wasikie, nikaeleza kwa maneno machache. Kwanza mama aliuliza kama Mzee ameumia. Kisha akasema, "Ana deni la miezi miwili, si ndiyo? Mwachie. Ninachotaka aniondokee shambani kwangu."

Aliondoka kwa kishindo cha gari. Mzee alikataa kwenda polisi, ingawa nilimsihi. Aliuliza huko kituoni atasimama siku ngapi, na farasi atatembezwa na nani. Barua ya kuvunja mkataba niliiandika siku hiyohiyo, nikaituma kwa basi.

Lakini mteja wa farasi hafukuzwi kama mteja wa duka. Daktari alikuwa ametuagiza kwamba mnyama yule asisafirishwe kwa wiki nzima, na mwenyewe hakuleta gari hadi siku ya tisa. Kwa hiyo kwa siku tisa tulimtunza farasi wa mtu tuliyemfukuza. Farasi wa kilo 450 anakula kama kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na zile zilikuwa zetu. Kiuchungu changu nilikihesabu kwa marobota. Mzee hakuhesabu. Mkono wake ulivimba juu ya kifundo, akaufunga kitambaa, na kila alfajiri alikuwa wa kwanza bandani, akimlowekea nyasi, akimpa pumba kwanza konzi moja, kisha mbili. Kijana alimfuata kama kivuli, na tangu wiki ile, chochote kilichoandikwa ubaoni alikwenda kwanza kukisoma kwa sauti mbele ya Mzee. Kwa Mzee nilikwenda jioni ya Jumatatu, nikamwomba radhi kwa yale ya Jumamosi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwanangu, nishikie huo mguu," akaniachia mguu wa nyuma wa farasi niushike akiwa anausafisha. Kati ya wale rafiki watatu, wawili waliwahamisha farasi wao kabla ya Septemba. Mapato yetu yaliyumba hadi mwaka uliofuata.

Gari lilikuja Jumanne. Mteja hakuja nalo. Alikuja dereva yuleyule, akiwa na aibu kana kwamba kosa lilikuwa lake. Mzee alimpakia farasi mwenyewe, akamfungia wavu wa nyasi, akaweka madumu mawili ya maji. Kisha akamshika dereva mkono na kumweleza safari nzima kituo kwa kituo: atoke jioni ili jua la Ruaha Mbuyuni asikutane nalo, ampe maji Ilula kabla ya kuteremka Kitonga, asisimame hata dakika moja ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa ajili ya mbung'o, na Morogoro amteremshe anyooshe miguu. Dereva aliitikia kila neno. "Na ukifika unipigie," Mzee akasema, akamsomea namba yake mara mbili.

Siku tatu alizunguka na simu kwenye mfuko wa shati badala ya kuiacha nyumbani ikichajiwa kama kawaida yake. Haikuita. Siku ya nne nilimkuta ndani ya lile banda, ameegemeza blanketi mlangoni, anafagia.