Kijiko cha kwanza hutupwa

Wiki hii tumepokea kijana wa mafunzo kwa vitendo, na kazi ya kwanza niliyompa ni kusaga chai. Nikaona uso umemnyong'onyea. Alikuja akitarajia kushika mashine za kemia, mimi namkabidhi kinu na brashi. Sikumlaumu. Hata mimi nilipoanza nilidhani kusaga ni kazi ya kupisha muda tu mpaka kazi yenyewe ianze.

Niko kwenye maabara ya chai huku Mufindi. Tunaletewa chai iliyokwisha kukaushwa, nyeusi na ya kijani, tunapima unyevu, majivu, polifenoli (huo ndio ukakasi unaobana ulimi ukinywa chai ya rangi), na mara nyingine madini. Kwenye kipimo cha polifenoli, unga unaoingia kwenye tyubu ya metanoli (kimiminika cha kuzitoa polifenoli kwenye unga) ni gramu 0.2. Mfuko mzima umesafirishwa kutoka shambani, na kinachotoa hukumu ni ncha ya kijiko. Ile ncha isipofanana na mfuko, basi mashine ya bei kali kule mbele itapima kwa usahihi kabisa kitu kisicho chai ya mwenyewe.

Tulianza na chai nyeusi. Nikaweka kijiko kimoja kinuni, nikasaga, nikamwaga kwenye ndoo ya taka.

"Dada, mbona unamwaga? Si chai hiyo hiyo?"

Nikamwambia hiyo imenawisha kinu. Hata ukipiga brashi na kufuta namna gani, chini ya visu hubaki vumbi la sampuli iliyopita. Chai inayofuata ndiyo inayolikomba, nalo linatoka na kijiko hicho cha kwanza. Baada ya hapo ndipo unasaga ya kupima.

Na unasaga kwa vipande. Sekunde kumi, unazima, unashika kikombe cha kinu kwa kiganja. Kikiwa vuguvugu, unasubiri. Kijana alivutiwa na harufu, akasema chumba kinanukia vizuri. Kweli kinanukia, lakini harufu hiyo ilitakiwa ibaki kwenye unga. Joto la visu linaifukuza, na polifenoli nazo hazipendi joto likikutana na hewa. Zipo maabara zinazogandisha majani kwa naitrojeni kimiminika, iliyo baridi kali, kabla ya kusaga. Sisi tuna subira.

Kisha chekeche, la matundu ya nusu milimita. Hapa ndipo nataka kila anayesaga chai anisikilize. Unga laini unapita upesi, rangi yake kama kakao, na juu vinabaki vikonyo: vipande vya bua vyekundu-kahawia, vigumu, vinarukaruka ukitikisa. Kijana alishaanza kuvikung'utia kwenye ndoo. Nikamshika mkono. Bua lina polifenoli chache kuliko jani. Ukilitupa, chai yenye vikonyo vingi itasomeka nzuri kuliko ilivyo, na mkulima aliyechuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu anakuwa sawa na aliyekata ovyo. Vikonyo vinarudi kinuni, mara mbili, mara tatu, mpaka chekeche libaki tupu. Mwisho unachanganya wote pamoja na kufunga chupa haraka, maana asubuhi za ukungu huu wetu unga hunyonya unyevu ukiwa unautazama. Ndiyo sababu sehemu yake inaingia ovenini siku hiyo hiyo, nyuzi 103, tujue ukavu wake halisi.

Nikamweleza pia kisa kilichonifunza. Miaka kadhaa nyuma tulipima madini ya sampuli za shamba moja. Chuma kilikuwa kinapanda kidogo kidogo kutoka sampuli ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio ule ule niliosagia. Sikuuona mpangilio huo mpaka ripoti ilipokwisha kutoka. Nilipofungua kinu, makali ya visu yalikuwa yamelika. Kile chuma kilikuwa chetu. Nikasaga upya zote kwa mkono kwenye kinu cha akiki, jiwe gumu lisiloachia chuma, siku mbili, viganja vikavimba, na namba zikashuka. Nikampigia simu mwenye shamba mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kuuliza watu kuhusu udongo wake, usingizi haumjii. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tu: "Kwa hiyo udongo wangu mzima?"

Nikamwambia mzima.

Tangu hapo sampuli za madini haziguswi na visu. Kinu cha akiki kinakaa rafu ya juu, kimefungwa kitambaa safi. Kijana anaanza nacho Jumatatu, sampuli sita.