Asilimia za filamu na baraza zetu

Jamani, siku hizi barazani kwetu Michenzani filamu inahukumiwa kabla haijatazamwa. Mtu anafungua simu, anakuta Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, imeandika asilimia 58, basi: "Mbovu hiyo, tuiache." Ile asilimia, tangu tovuti ianze mwaka 1998, huonyesha tu ni wahakiki wangapi kwa kila mia walioisifu. Hivyo filamu ya kawaida iliyompendeza kila mmoja kidogo inaweza kupata 95, na ile kali iliyowagawa watu ikabaki chini.

Mie nazipenda hizo zinazogawa. Tukitoka Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, tunabishana mpaka Forodhani, urojo mkononi, na hapo ndipo ninapoielewa filamu. Sasa naandika maoni yangu mtandaoni kwa Kiswahili, nikitanguliza filamu za kwetu. Nanyi niandikieni, hasa mnaokataa ninayosema.