Siku moja maishani mwangu: kusaka chenga kwenye redio za magari

Saa 1:00 asubuhi

Nafungua karakana mapema, barabara ikiwa bado tulivu. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya sauti: mtu anachomeka simu kwenye redio ya gari ili asikilize muziki, anapata mvumo, mluzi au chenga. Kazi yenyewe huanza na masikio, kwa hiyo saa hii ya utulivu naihitaji.

Naweka mezani multimita, msasa, spana ya namba 10, waya mpya wa AUX (ule unaopeleka sauti ya simu redioni) ambao najua ni mzima, na simu ya zamani. Ndani ya simu hiyo kuna faili la dakika kumi lisilo na sauti yoyote. Wengi hujaribu redio kwa muziki, na muziki unafunika kila kitu. Mimi nacheza ukimya, halafu chochote kitakachotoka kwenye spika najua si cha simu.

Saa 2:15

Wa kwanza ni dada mwenye gari dogo. Anasema kuna mluzi, na fundi mmoja ameshamwambia redio imekufa anunue nyingine. Kabla ya kufungua chochote namuuliza: mluzi upo injini ikiwa imezimwa? Ukikanyaga mafuta unapanda? Na simu huwa unaichaji wakati unasikiliza?

Haupo. Unapanda. Ndiyo, kila siku.

Tunawasha gari, nachomeka simu yangu kwenye AUX na kwenye chaja ya tundu la kiberiti, nacheza ukimya. Mluzi huo hapo, mwembamba kama wa mbu. Nikipiga resi, unapanda, nikiachia, unashuka. Namwambia achomoe chaja mwenyewe. Kimya papo hapo. Achomeke tena. Umerudi. Anafanya hivyo mara tatu, nami namwacha, kwa sababu mtu akishasikia kwa masikio yake hauziwi redio asiyoihitaji.

Hapa nieleze kidogo, maana tatizo hili ndilo ninalokutana nalo zaidi. Simu ikiwa kwenye AUX na kwenye chaja kwa wakati mmoja, inakuwa imeshikana na gari kwa erthi mbili, yaani njia mbili za umeme kurudi kwenye hasi ya betri: moja inapitia redioni, nyingine inapitia tundu la kiberiti. Erthi hizo zinafika kwenye bodi ya gari, yaani chuma chake, mahali tofauti. Bodi nayo inabeba mkondo wa taa, feni na altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme), kwa hiyo sehemu hizo mbili hazina volti sawa kabisa. Tofauti inaweza kuwa milivolti chache tu, lakini sauti inayopita kwenye AUX nayo ni ndogo, kwa kawaida haifiki hata volti mbili. Redio haina namna ya kujua kipi ni wimbo na kipi ni umeme wa gari, inakuza vyote. Na kwa nini mluzi unapanda? Altaneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, diodi zinaunyoosha, lakini unabaki na viwimbi. Injini ikizunguka haraka, viwimbi navyo vinaongezeka kasi.

Dawa niliyomfungia ni kisanduku kidogo cha kutenga erthi, kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Ndani kuna transfoma mbili ndogo, moja ya kushoto na moja ya kulia. Sauti inavuka kwa sumaku, na waya wa upande mmoja haugusi wa upande wa pili, kwa hiyo ule mzunguko wa erthi unakatika. Vile hafifu hupunguza besi, ndiyo maana huwa nasikiliza wimbo mzito kabla sijamkabidhi mtu gari. Hiki kilikuwa kizuri.

Saa 4:00

Hii ilikuwa ya dakika tano. Mikwaruzo kila waya ukiguswa, injini iwe imewaka au imezimwa. Kelele inayofuata mkono wako ni ya mguso mbaya, haina habari na altaneta. Pini ya AUX ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni erthi. Yenye sehemu nne imeongezewa maikrofoni. Nilichungulia tundu la simu kwa tochi, nikatoa kwa kijiti cha mbao donge la nyuzinyuzi za mfukoni, limeshindiliwa hadi limekuwa gumu kama kitambaa. Pini iliingia mpaka mwisho, ikalia "tak". Tafadhali usitumie sindano humo.

Saa 5:20

Gari lisilo na AUX, mwenyewe anatumia kile kifaa cha kurusha sauti kwa FM. Redio nyingi duniani zinashika kuanzia 87.5 hadi 108 MHz, na kifaa hiki kina nguvu ndogo mno. Kituo halisi kikiwa karibu na namba uliyochagua, kitakumeza. Tulitafuta namba tupu, chenga zikapungua lakini hazikuisha. Kijana ninayemfundisha ndiye aliyegundua kwamba kelele inakuja chaja ya pili ikichomekwa. Chaja za bei rahisi hukatakata umeme kwa kasi kubwa ili kushusha volti, na zisipokuwa na vichujio vizuri zinachafua hewa ya FM. Tukabadili chaja. Kusema kweli, kwangu FM ni chaguo la mwisho. Redio ikiwa na USB inayosoma simu, tumia hiyo: sauti inaingia kama data, na viwimbi vya erthi havina pa kujipenyeza njiani.

Saa 7:00 mchana

Mzee mmoja analalamika kuhusu "shhh" isiyobadilika, injini iwashwe isiwashwe. Simu yake ilikuwa robo ya sauti na redio karibu mwisho. Nikapandisha simu hadi karibu asilimia 90, nikashusha redio.

"Ni hilo tu, fundi?"

"Ni hilo tu, mzee wangu. Ulikuwa unaikuza kelele pamoja na sauti."

Saa 8:00

Kazi kubwa ya leo: gari lenye amplifaya kwenye buti, mluzi mkali, na mwenyewe ameshanunua vichujio viwili bila faida. Nilivitoa vyote kwanza.

Waya mnene wa betri ulikuwa umelazwa pamoja na nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, umefungwa nao kwa utepe urefu wote wa gari. Tuliinua zulia, tukahamishia RCA upande wa pili. Halafu erthi. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri, inaonekana safi, lakini nilipopima kati ya erthi ya amplifaya na hasi ya betri, muziki ukipiga, nikapata volti 0.4. Nikafungua. Chini ya kibati cha ncha ya waya rangi ya gari ilikuwa nzima, inang'aa. Muda wote umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu. Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikakata waya ubaki mfupi usiofika nusu mita, nikakaza, nikapaka grisi kuzuia kutu. Kipimo kikashuka hadi 0.03.

Tukiwa tunasikiliza, spika zikaanza "di-di-di, di-di-di". Kijana akashtuka. Simu yake ilikuwa imelazwa juu ya nyaya za RCA, na mtandao wa simu wa GSM (2G) hutuma kwa vipande, mara 217 hivi kwa sekunde. Waya ulio karibu unaudaka. Akaiondoa, ikaisha.

Ila mluzi mwembamba ulikuwa bado upo. Nikapima viwimbi vya altaneta kwenye betri, multimita ikiwa upande wa AC (umeme wa kwenda na kurudi): volti 0.05. Ikifika nusu volti nashuku diodi, hii ilikuwa nzima. Nikachomoa RCA kwenye amplifaya, kimya. Basi kelele inatoka mbele. Tukafungua dashibodi: erthi ya redio ilikuwa nyuzi chache zilizosokotwa kwa mkono, zimelegea chini ya utepe. Nilizilehemu upya na kuzipeleka kwenye chuma kitupu.

Saa 11:40 jioni

Mwenye gari amekaa kwenye usukani. Nacheza faili langu, sauti imepandishwa, resi iko juu. Ananitazama.

"Fundi, umewasha?"

Namwonyesha namba za sekunde zikihesabu kwenye kioo cha simu. Anainamisha kichwa karibu na spika ya mlango, anakaa hivyo kitambo. Kisha anachomeka simu yake mwenyewe.

Nami naandika kwenye daftari: mluzi, unapanda na injini, rangi chini ya bolti, erthi ya redio imelegea, vichujio viwili vimetolewa, havikuhitajika.