Nani Huambia Mashine Pahali pa Kutoboa

Jana jioni nilikuwa narudisha kifungo cha shati la shule la binti yangu, hiyo kazi siku hizi ni yangu msiniulize imekuwaje, akaja akaingiza kidole kwa tundu akauliza, "Dadi, hii shimo hutobolewa na nani?" Nikamwambia mashine. Akafikiria kidogo. "Na nani huambia mashine pahali pa kutoboa?"

Huyu mtoto hajui ni swali lililokaribia kunikosanisha na shangazi Januari ya 2023.

Shangazi yangu ni yule anayeshonesha nguo Uhuru Market, soko la mafundi huku Nairobi. Kumbukeni hiyo Januari ilivyokuwa: serikali imesema Desemba kwamba gredi ya saba, JSS (yaani sekondari ya chini) ya kwanza kabisa, itakaa kwa shule za msingi, shule zafunguliwa tarehe 23, hao wa gredi ya saba waripoti tarehe 30, na hapo katikati kila mtu anakimbia. Sasa kuna shule moja, sitaitaja, iliamua watoto wa JSS wavae shati la rangi yao ili watofautiane na wadogo, na ikaamua Januari ikiwa tayari imeanza. Mashati 500, ya wavulana na wasichana. Shangazi akachukua oda na deposti ndogo akanipigia simu, "Baba, kuja uniandikie vitabu." Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babake, na ukiitwa hivyo huna njia ya kukataa. Isitoshe kontrakti yangu ya pale mjini ilikuwa imeisha.

Nilipofika kila kitu kilionekana sawa. Mkataji anakata tabaka kwa tabaka, mafundi wameinama, cherehani zinalia, ovaloki inakula kingo. Ukisimama mlangoni ungesema hapa kazi inasonga. Lakini yule msichana wa kukata nyuzi na kuweka vifungo alikuwa amekaa anaangalia simu. Dada wa pasi pia amekaa, pasi baridi. Nikauliza mashati yako wapi. "Yako kwa Mzee."

Mzee ndiye mwenye mashine ya matundu, mwisho wa laini, kakibanda kadogo. Sisi hatukuwa na hiyo mashine, na mafundi wengi wa hapo hawana, unashona shati lako unampelekea anakutobolea unamlipa kwa tundu. Shati letu lilikuwa na matundu saba, kwa hivyo oda nzima ni matundu 3,500 yote yapitie kwa mtu mmoja, na si sisi tu tulimtegemea. Mbele ya kibanda chake mafurushi yetu yalikuwa yamepandana hadi yamefunika kaunta. Nilihesabu kama 300. Kwa siku alikuwa anatutolea kama 60, yaani shati la kuingia leo litatoka baada ya siku tano, hata likishonwa kwa dakika mbili halitatoka kesho.

Shangazi alikuwa na jibu lake: Mzee amezeeka, anaenda polepole, ana stori nyingi. Na dawa yake ilikuwa kuongeza mafundi wawili na kukodisha cherehani. Nikajaribu kusema hiyo ni kama kuongeza matatu Jogoo Road asubuhi na huko mbele City Stadium hakusongi, akaniangalia vile huangalia watu ambao hawajawahi kushona hata leso. Mafundi wakaongezwa. Mlima ukakua.

Akanituma nikamsukume Mzee. Nilienda, na kwa sababu sikujua mzee wa rika lile husukumwaje nikakaa tu kwa kistuli kando yake. Hapo ndipo nilipokaa mchana wote, na hadi leo nikifunga macho naweza kukuonyesha kila kitu kilikuwa wapi.

Anachukua shati. Analigeuza kwanza aangalie ni la nani, kwa sababu ya wavulana matundu hukaa upande wa kushoto na ya wasichana kulia, na sisi tulikuwa tumeyachanganya kwa furushi moja, saizi zote, la mtoto mdogo limelaliwa na la jitu. Akishajua, anatandaza ule ukingo kwa paja, anatoa futi ya kitambaa shingoni, anapima kutoka kola kwenda chini, anaweka alama ya chaki, anapima tena, alama, tena, alama. Shati la saizi nyingine nafasi zinabadilika, anaanza hesabu upya. Anapuliza vumbi la chaki. Anapanguza miwani na shati lake mwenyewe. Ndipo anaingiza kwa mashine. Na mashine, jamani, mashine ilikuwa inachukua muda wa kukohoa. Trrrrr inazunguka tundu kwa uzi, halafu kisu kinashuka chap, tundu limefunguka. Anasogeza. Trrrrr, chap. La kola analigeuza shati lote, kwa sababu hilo hulala na yale mengine husimama, sikuwa nimewahi kuona hiyo kitu miaka yote nimevaa shati. Trrrrr, chap. Anaweka kando. Anachukua lingine na anaanza kuligeuza kuangalia ni la mvulana au la msichana.

Nikatoa simu nikaanza kupima. Shati moja, kwa mashine, dakika moja na kitu. Kwa chaki na kugeuzageuza, zaidi ya dakika tatu. Nikapima lingine nikidhani nimekosea, hivyo hivyo. Nikamuuliza, "Mzee, hii chaki unalipwa?"

Akacheka. "Nani analipa chaki? Mimi nalipwa shimo."

"Na ukikimbiza kidogo?"

Akanishikisha kile kitambaa. "Mshono ukipotea unafumua. Hii kisu ikishuka pahali si pake, nani atafumua shimo? Shangazi yako atanidai shati."

Nikakaa kimya nikimtazama. Huyu ndiye anayeitwa mvivu huko mbele. Robo tatu ya siku yake alikuwa anafanya kazi yetu, ambayo tungeifanya sisi kabla ya kumletea, bure, na lawama anabeba yeye.

Baadaye sana, nikisoma jioni, mwalimu alitutajia mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, aliyeanza kuandika haya mambo ya viwanda miaka ya 1980. Anasema saa ikipotea pale kazi inapokwama imepotea kwa kiwanda kizima, na saa ukiiokoa pengine popote hujaokoa kitu, umeongeza tu mrundo. Nikacheka peke yangu darasani. Mzee na futi yake shingoni.

Kilichofuata kilienda haraka. Nilirudi nikachukua boksi la vitambaa nikakata kadibodi, moja kwa kila saizi, Mzee mwenyewe akanionyesha mahali pa kutoboa alama. Msichana wa vifungo, ambaye alikuwa anangoja tu, akapewa chaki na kadibodi. Wavulana furushi lao, wasichana lao, saizi kwa saizi, imefungwa na kitambaa cha rangi. Mzee akawa anaingiza tu. Kesho yake akatupa zaidi ya mia moja, na halafu kukatokea kitu sikuwa nimepanga: akaanza kuchukua yetu kwanza. Pesa ya tundu ni ile ile, na yetu hayana chaki, wewe ungeanza na ya nani? Majirani wakanuna. Mmoja akasema shangazi amemhonga Mzee chai.

Balaa lilikuwa kwa mafundi. Nilimwambia shangazi tuwapunguze mwendo kwa mashati kidogo mpaka Mzee aumalize ule mlima, maana hakuna haja ya kumlundikia. Alinigeukia vibaya. "Baba, hawa wanalipwa kwa kipande. Nikimwambia mtu asishone, jioni atakula nini? Hizo hesabu zako?" Na hapo sikuwa na jibu, na sijui kama ninalo hata leo. Kwa karatasi nilikuwa sawa kabisa. Lakini fundi mwenye nauli ya kurudi Kayole na unga wa kununua hawezi kukaa bure eti kwa sababu mwisho wa laini kuna mashine moja. Tukaishia kuwahamisha kwa sketi za oda nyingine, ambazo zina zipu na kulabu, matundu hakuna. Siku mbili shangazi aliongea na mimi kupitia mkataji, "mwambie huyo wa vitabu..."

Mlima ukaondoka kwa Mzee ukahamia kwa dada wa pasi. Huyo hata salamu alikata. Kabla sijaja alikuwa na wakati wa kunywa chai, sasa mashati yanamfikia kama mvua, pasi ni moja, tokeni zinaisha usiku, na stima ilipopotea ile Ijumaa akanitazama kana kwamba ni mimi nimeizima. "Si uniletee kadibodi na mimi," akaniambia. Kwa pasi sikuwa na kadibodi. Tuliazima pasi nyingine, tukamweka binamu yangu akunje, tukamalizia usiku. Mashati mengi yalifika Jumatatu tarehe 30, mengine Jumanne, na mwalimu mkuu alinung'unika kuhusu hayo ya Jumanne, ingawa yeye mwenyewe alilipa salio muhula wa pili.

Pesa ilipoingia nikajua sasa tutanunua mashine yetu ya matundu, hata ya mitumba, nilikuwa nimeshauliza bei. Nikapita sokoni wiki hiyo nikakuta shangazi amenunua cherehani. Mbili, zinang'aa, ameziweka pale mbele kabisa.

"Shangazi, na matundu?"

"Matundu kuna Mzee," akasema. "Mwenye shule akipita hapa na oda, anahesabu cherehani. Hajawahi kuja mtu akaniuliza niko na mashine ngapi za matundu."

Na mwaka uliofuata oda ilikuwa kubwa zaidi, kadibodi alikuwa nazo bado kwa droo, msichana wa chaki amepanda cheo anaitwa supavaiza, na Mzee alikuwa amepandisha bei ya tundu.