Maji ya mvua machimboni: nilianzia mlimani, bwawa likafuata baadaye

Nilipokabidhiwa usimamizi wa machimbo ya changarawe, bwawa la kutuamisha tope lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na kila mvua iliponyesha maji yaliyotoka nje yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu wa bondeni walilalamika, na walikuwa na haki. Karibu kila niliyemuuliza alinipa dawa ileile: chimba bwawa kubwa zaidi. Nikapiga hesabu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye hekta moja inamwaga lita 100,000. Sisi tulikuwa na hekta kadhaa zilizovuliwa majani, juu yake maji ya mlima mzima. Ukishindana na maji hayo kwa ukubwa wa bwawa, utachimba hadi uchoke.

Kwa hiyo nilivaa mabuti nikaingia kwenye mvua kufuata maji, nikichomeka vijiti kila yalipobadilika rangi. Ramani haikuonyeshi jambo hili, lazima ulowe. Niligundua kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyoingia shimoni yalitoka kwenye majani ya mlimani yakiwa safi kabisa. Yalikuwa yakiporomoka kwenye ukingo wa machimbo na kuchafukia humo ndani.

Tukachimba mtaro juu ya machimbo, ukikingama mteremko na kushuka polepole, na udongo wake tukaupanga upande wa chini uwe tuta. Tuliusogeza nyuma kidogo, mbali na ukingo, maana maji yakizama karibu na ukuta wa shimo yanaulainisha na siku moja unashuka wote. Mwisho wa mtaro, pale maji yanaporudi kwenye mkondo wake wa asili, tulitandaza mawe makubwa yavunje kasi. Mawe hayakutugharimu kitu. Ukiwa machimboni, hilo angalau halikupi shida.

Barabara ya matipa ndiyo iliyonichosha kuliko kitu kingine. Ilishuka moja kwa moja kufuata mteremko, imeshindiliwa na magurudumu hadi haipitishi tone, na alama za matairi zilikuwa zimegeuka mifereji. Ukitaka kujua tope la machimbo linatoka wapi, angalia barabara kabla ya shimo. Tuliichonga upya kwa greda ili iinamie upande wa ndani, maji yakusanyike kwenye mtaro wa pembeni badala ya kukimbia katikati. Madereva walinung'unika kwamba gari linalala upande, lakini walizoea.

Ndani ya mtaro huo tuliweka vizuizi vya mawe. Hapa kuna ufundi unaodharauliwa. Katikati ya kizuizi lazima pawe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka kando na kula kingo. Na nafasi kati ya kimoja na kingine usiikadirie kwa hatua: simama kwenye kizuizi cha chini, kilele chake kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Pakiwa na mwinuko mkali vitakaribiana sana, na ndivyo inavyotakiwa.

Baada ya hapo ndipo nililirudia bwawa. Nilichota maji ya tope kwenye chupa nyeupe nikaiweka dirishani. Mchanga ulitua kabla sijakaa kitini. Kilichobaki kiliendelea kuelea siku nzima na zaidi. Punje ikiwa ndogo mara kumi, kasi yake ya kuzama hupungua mara mia. Kwenye maji yaliyotulia kabisa, punje ya milimita 0.01 huchukua kama saa tatu kushuka mita moja. Ya udongo wa mfinyanzi, milimita 0.001, inakaribia wiki mbili. Bwawa letu lilikuwa na mlango wa kuingilia karibu na wa kutokea, kwa hiyo maji yalikatiza tu yakaondoka na kila kitu.

Tulihamisha njia ya kutokea hadi ncha ya mbali na kuweka kizuizi katikati ili maji yalazimike kuzunguka. Mbele ya bwawa tulichimba shimo dogo la kunasa mchanga, ambalo kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kinalizoa bila kuhangaika. Tukasimika nguzo yenye alama ya nusu. Tope likifika hapo tunachota, hatungoji lijae.

Sakafu ya shimo tuliiinamisha ndani, maji yabaki humo yapenye kwenye changarawe. Yanapenya vizuri, na ndiyo sababu tenki la dizeli tulilihamisha mbali: kinachomwagika hapo kinaelekea kwenye maji ya ardhini moja kwa moja. Marundo ya udongo wa juu yalipandwa nyasi mapema, hayakuwa na makuu.

Maji yanayotoka sasa baada ya mvua ya kawaida yanaonyesha mawe ya chini. Mvua kubwa za mfululizo bado zinatoa ukungu mwembamba wa mfinyanzi, ambao hakuna bwawa la ukubwa wetu litakaloutuliza peke yake. Kwa huo tunaandaa majaribio ya shabu, ile chumvi inayoshikanisha chembe za tope ili zizame, kwanza kwenye ndoo, tujue kiasi kabla hatujatia hata kijiko kimoja bwawani.